Tasa Yenye Mazao: Istilahi za Kiswahili za Sifa za Namba kwa Mfano wa Namba 61,741,120

1.0 Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ndio uliowekwa kuwa msingi wa Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania. Bungu, kama kwingineko nchini, makarani wenye vishikwambi walipita kaya kwa kaya wakiuliza ni nani aliyelala humo usiku huo. Bungu ni kata ya wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Hapo ndipo inapochepuka njia iendayo Nyamisati, bandari ya wasafiri wa Mafia na mojawapo ya milango ya delta ya Rufiji. Matokeo ya awali ya sensa yalitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022: watu 61,741,120, yaani 59,851,347 wa Tanzania Bara na 1,889,773 wa Zanzibar.

Wachumi na wapangaji wa maendeleo wamekwisha kuijadili idadi hiyo kwa mapana. Makala haya yanaichukua kwa upande mwingine, yaani kama namba, pasipo kujali kilichohesabiwa. Yanauliza iwapo namba nzima kubwa ya kiasi hicho inaweza kutajwa, kuchanganuliwa na kuainishwa kwa Kiswahili kitupu, kwa istilahi zilizokwisha kuzoeleka shuleni. Na pale istilahi zinapokwama, yanauliza kosa ni la nani. Swali hili si la kinadharia tu. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hapo Bungu, ambaye pengine nyumbani huzungumza Kindengereko, husoma Hisabati kwa Kiswahili hadi amalizapo elimu ya msingi. Akiingia kidato cha 1 huanza upya somo lilelile kwa Kiingereza. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967. Tume ya rais ya mwaka 1982 ilipendekeza kiendelezwe hadi sekondari, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Hata hivyo mpaka wa kidato cha 1 umebaki palepale. Miongoni mwa hoja zinazotolewa kuutetea mpaka huo ni kwamba istilahi za Hisabati za Kiswahili ni maneno ya kubuni yasiyokuwa na mizizi, na kwamba mwanafunzi hapotezi kitu anapoyaacha. Hoja hiyo inafaa kupimwa kwa kuziweka istilahi zenyewe kazini.

2.0 Kuitaja Namba

Katika Kiswahili jina la kiwango hutangulia na kizidishi chake hufuata: milioni tatu, elfu tano, mia mbili. Kwa upande mwingine, neno "na" hujumlisha. Taratibu hizi mbili zikikutana huzaa utata unaojulikana na kila mfanyabiashara wa pwani: "elfu arobaini na moja" ni 41,000 au ni 40,001? "Milioni sitini na moja" ni 61,000,000 au ni 60,000,001? Waandishi wa zamani mara nyingine waliukwepa utata huu kwa kukiweka kiwango mwishoni, "arobaini na moja elfu", na mtindo huo haujafa kabisa.

Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba namba ndefu haina utata huo. Ikisomwa kwa ukamilifu, "milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini", hakuna msikilizaji atakayekosea. Kila "moja" iliyo na shaka inafuatiwa na kiwango kidogo zaidi kinachoonyesha kwamba mahali pa mamoja bado hapajafikiwa. Utata huibuka pale tu panapofuatiwa na sifuri tupu, yaani katika namba zilizokadiriwa. Kwa hiyo anayetaja kwa kifupi kwamba Watanzania ni "milioni sitini na moja" anatumia usemi wenye utata kuliko karani anayeisoma namba yote.

Neno "laki", lililotoka Bara Hindi pamoja na biashara, linastahili kutetewa hapa. Halilingani na mikato ya tarakimu tatu tatu inayofundishwa shuleni, na pengine ndiyo sababu baadhi ya walimu huliona la mitaani. Lakini linauondoa usemi mzito wa "elfu mia saba arobaini na moja", ambamo viwango viwili vinabanana bila kupumua.

3.0 Shufwa na Witiri

Sifa ya kwanza inayofundishwa ni kugawanyika kwa 2. Namba 61,741,120 ni shufwa kwa kuwa inaishia na 0. Idadi ya Bara, 59,851,347, ni witiri. Ya Zanzibar, 1,889,773, nayo ni witiri. Witiri mbili zikijumlishwa hutoa shufwa daima, kwa sababu kila moja imebakiwa na kimoja kisicho na mwenzi, na hivyo viwili vilivyobaki vinapata kuwa wenzi.

Je, istilahi hizi ni za kubuni? Wakazi wengi wa Bungu ni Waislamu, na mtoto wa hapo amelisikia neno "witiri" msikitini kabla hajalikuta katika kitabu cha Hisabati. Ni jina la sala inayofunga sala za usiku, yenye idadi ya rakaa isiyogawanyika kwa 2. Sura ya 89 ya Kurani, katika aya ya 3, inavitaja shufwa na witiri pamoja. Hapa mwalimu hana haja ya kuitafuta maana. Kazi yake ni kuonyesha tu kwamba neno ni lilelile.

4.0 Kigawo na Kigawe

Jozi hii ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote. Katika Hisabati ya shule ya msingi, kigawo ni namba inayoigawanya nyingine bila baki, na kigawe ni namba inayogawanyika kwa nyingine bila baki. Kwa hiyo 7 ni kigawo cha 61,741,120, na 61,741,120 ni kigawe cha 7. Dhana mbili zinazopingana zimetenganishwa na irabu moja ya mwisho. Vifupisho vimezidisha tatizo: KKS ni Kigawo Kikubwa cha Shirika, KDS ni Kigawe Kidogo cha Shirika, na herufi K ya mwanzo katika kifupisho kimoja si neno lile lile la katika kifupisho cha pili. Mwanafunzi anayekariri vifupisho bila maneno yake ana kila sababu ya kuchanganyikiwa.

Hata hivyo, ukiangalia uundaji wake, jozi hii ni ya kupigiwa mfano. Mzizi ni -gaw-. Kiambishi tamati -e katika Kiswahili huunda majina ya kilichotendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, mtume ni aliyetumwa. Kiambishi -o mara nyingi huunda jina la chombo cha kutendea: kipimo ni cha kupimia, kizibo ni cha kuzibia, kifuniko ni cha kufunikia. Kigawe, basi, ni kilichogawanywa, na kigawo ni cha kugawia. Ni kweli kwamba -o ina kazi nyingine pia, kama katika "wimbo" na "mchezo", ambapo hutaja tendo au matokeo yake. Lakini pamoja na kiambishi ki- maana ya chombo ndiyo inayotangulia akilini. Waliounda istilahi hizi walijua walichokuwa wakikifanya.

Kasoro iliyopo ni ya ufundishaji. Somo la Kiswahili linafundisha kiumbe na mteule katika kipindi cha saa 2 asubuhi. Somo la Hisabati linafundisha kigawo na kigawe katika kipindi cha saa 4. Na vipindi hivyo viwili havikutani. Mwalimu wa Hisabati huona ni maneno mawili ya kukariri, na mwalimu wa Kiswahili huona si kazi yake. Kisha mwanafunzi anavuka kwenda sekondari, ambako dhana hizo mbili zinatajwa kwa maneno mawili ya Kiingereza yasiyofanana kabisa, na anaambiwa kwamba hapo ndipo mambo yanapokuwa wazi. Huo uwazi ni wa masikio tu: maneno hayo ya kigeni hayamwambii lolote kuhusu nani anagawa na nani anagawanywa. Somo la Hisabati limekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa kidato cha 4. Si haki kulitwisha suala la lugha mzigo wote wa hali hiyo. Lakini haifai pia kulitua mzigo wote.

5.0 Tasa na Zao

Uchanganuzi wenyewe wa namba unaanza kwa kugawa kwa 2 mpaka isiwezekane tena: 61,741,120 hutoa 30,870,560, kisha 15,435,280, kisha 7,717,640, kisha 3,858,820, kisha 1,929,410, na mwisho 964,705, ambayo ni witiri. Imegawanyika kwa 2 mara sita. Namba 964,705 inaishia na 5. Ikigawanywa kwa 5 hutoa 192,941. Jumla ya tarakimu za namba hiyo ni 26, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Kwa 7 inagawanyika na kutoa 27,563. Kuanzia hapo kazi inakuwa ya uvumilivu. Namba 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37 na 41 zote zinaacha baki. Namba 43 haiachi: hutoa 641. Na 641 haigawanyiki kwa namba tasa yoyote hadi 23, nayo 29 mara 29 ni 841, ambayo imekwisha kuipita. Kwa hiyo 641 yenyewe ni tasa. Hivyo:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Hakuna mpangilio mwingine wa namba tasa utakaotoa namba hiyo, ila kubadilisha mfuatano tu. Ina vigawo 112, ukihesabu 1 na namba yenyewe.

Namba 641 ina historia yake. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba 2 ikiinuliwa kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha kipeo kwa 2, kisha ikaongezwa 1, daima hutoa namba tasa. Kwa vipeo vitano vya mwanzo alikuwa sahihi: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba ya sita, 4,294,967,297, ni 641 mara 6,700,417. Kuwapo kwa 641 ndani ya idadi ya Watanzania ni sadfa tupu, na haimaanishi lolote kuhusu Watanzania; lakini kwa darasa linalotafuta mfano, sadfa hiyo haifai kupuuzwa.

Turudi kwenye neno "tasa". Katika matumizi ya kawaida ni kiumbe kisichozaa. Likisemwa juu ya mtu ni neno la kuumiza, na katika jamii nyingi za pwani limevunja ndoa. Labda namba ndiyo kitu pekee kinachoweza kuitwa hivyo bila kuonewa. Lugha nyingine zimechukua sitiari tofauti. Kiarabu, na lugha za Ulaya zilizorithi kutoka Kilatini, huiita namba hiyo kwa neno lenye maana ya "ya kwanza". Kwa mtazamo huo, namba tasa ni chimbuko la namba nyingine. Kwa mtazamo wa Kiswahili ni namba isiyotoa kitu: 35 ikigawanywa huzaa 5 na 7, lakini 43 haizai ila 1 na nafsi yake. Kugawa, katika sitiari hii, ni kuzaa.

Hapa ndipo istilahi zenyewe zinapogongana. Katika Hisabati hiyohiyo ya Kiswahili, jawabu la kuzidisha huitwa "zao", neno litokanalo na kitenzi kilekile cha kuzaa. Katika kuzidisha, basi, wanaozaa ni vigawo, na mzaliwa ni namba kubwa. Kwa istilahi ya kwanza 61,741,120 ni mzazi wa 2, 5, 7, 43 na 641. Kwa istilahi ya pili ni mwana wao. Matokeo yake ni kauli inayoweza kuandikwa kwa Kiswahili sanifu bila kosa lolote la kihisabati: kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, isipokuwa tasa yenyewe, ni zao la tasa.

Je, mgongano huu ni kasoro ya kurekebishwa? Mtu anaweza kudai kwamba mojawapo ya maneno hayo libadilishwe. Dai hilo halina nguvu. Sitiari mbili zinatazama jambo lilelile kutoka pande mbili, moja ikishuka kwa kugawa na nyingine ikipanda kwa kuzidisha, na mwanafunzi aliyeelekezwa kuuona mgongano huo amekwisha kufika mlangoni pa kanuni ya msingi ya hesabu za namba nzima. Kinachohitaji tahadhari ni 1. Kwa sitiari ya Kiswahili mtoto atadhani 1 ndiyo tasa kuliko zote. Fasili lazima iseme wazi: namba tasa ni yenye vigawo viwili tofauti, wala si zaidi, na 1 ina kimoja.

Sensa inatoa pia mfano wa hoja ya kale ya Euclid kwamba namba tasa hazina mwisho. Tuseme kaya moja ya Bungu ilipata mtoto mmoja zaidi kabla ya usiku wa manane, na idadi ikawa 61,741,121. Namba hiyo ikigawanywa kwa 2, 5, 7, 43 au 641 lazima ibaki 1, kwa kuwa imeizidi kwa 1 namba inayogawanyika kwa zote. Hivyo kigawo chake tasa, kiwe kipi kiwavyo, ni kigeni katika orodha ile. Na ndivyo ilivyo: 61,741,121 ni 13 mara 4,749,317, na 13 haikuwamo. Mtoto mmoja ameleta tasa mpya.

6.0 Korija, na Aina Zisizo na Jina

Tangu Nicomachus wa Gerasa, mnamo mwaka 100, namba zimegawanywa pia kwa kulinganisha namba na jumla ya vigawo vyake ukiiacha namba yenyewe. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Vya 10 ni 1, 2 na 5, jumla 8, pungufu ya 10. Vya 12 ni 1, 2, 3, 4 na 6, jumla 16, zaidi ya 12. Aina hizi tatu hazina majina yaliyozoeleka katika vitabu vya shule vya Kiswahili. Jina la kwanza linalomjia mtu kwa aina ya 6 ni "namba kamili", lakini limekwisha kuchukuliwa: katika shule za Tanzania namba kamili ni namba nzima pamoja na zile hasi. Kulitumia tena kungezaa utata mbaya kuliko ule wa kigawo na kigawe.

Ufumbuzi uko karibu. Kitabu cha Nicomachus kilitafsiriwa kwa Kiarabu na Thabit ibn Qurra, aliyefariki mwaka 901, na Kiarabu kikaziita aina hizo kwa maneno yenye maana za kutimia, kuzidi na kupungua. Mizizi hiyo mitatu imo katika Kiswahili tangu zamani: kutimu, zaidi, nakisi. Neno "nakisi" limekwisha kupata kazi rasmi katika habari za bajeti. Namba timilifu, namba zidifu na namba nakisi yanapendekezwa hapa kwa sababu hayamdai msomaji neno jipya hata moja. Yanamdai mipaka mipya ya maneno aliyonayo.

Namba 61,741,120 iko katika kundi gani? Kwa njia ya kawaida hesabu ni ndefu. Jumla ya vigawo vyake vyote 112 ni 172,199,808. Ukitoa namba yenyewe hubaki 110,458,688, ambayo inaizidi. Ni zidifu.

Lakini iko njia fupi, nayo iko delta. Miti ya mikoko ya Rufiji, kwa majina yake ya unene kama nguzo, boriti, mazio, pau na fito, iliuzwa kwa muda mrefu kwa korija, na majahazi yaliyoipeleka Arabuni na Ghuba yalipakia kwa kipimo hicho. Korija ni vitu 20. Vigawo vya 20, ukiiacha yenyewe, ni 1, 2, 4, 5 na 10. Mkata boriti aliyegawa korija zake kwa wanunuzi wa viwango mbalimbali alivijua vyote pasipo kuviita vigawo. Jumla yake ni 22. Korija moja ni zidifu. Sasa chukua korija nyingi kadiri upendavyo. Idadi yake ya miti inagawanyika kwa idadi hiyo ya korija, kwa mara 2 yake, mara 4 yake, mara 5 yake na mara 10 yake. Na ukivijumlisha vigawo hivyo vitano tu, bila kutafuta kingine chochote, unapata mara 22 ya idadi ya korija, ambapo miti ni mara 20. Kila namba inayofikia korija nzima, basi, ni zidifu. Namba 61,741,120 ni korija 3,087,056, bila mti wa baki.